Gauni la Kufungwa Mgongoni

Brussels, 8 Februari 2009

Dada Euphrasie, shikamoo.

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba mkono wa kushoto wa Malkia wa Uingereza umepotea. Ulionekana mara ya mwisho Jumanne jioni ndani ya basi namba 71, ukiwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vitunguu vyangu. Msako unaendelea. Vitunguu navyo havijapatikana.

Usishtuke. Malkia mwenyewe alikufa karibu miaka mia tano iliyopita. Huyu ni wa mchezo wa jukwaani, habari za yule mfalme mnene aliyeoa mara sita, na karakana ya Madame Inès ndiyo imepewa kazi ya kuwavika wake zake wote na watumishi wao. Enzi zile mikono ya gauni haikushonewa moja kwa moja. Ilikaa peke yake, ukiitaka unaifunga begani kwa kamba na pini, ukiichoka unafunga mingine. Kwa hiyo malkia aliweza kupoteza mkono na akaendelea kutawala. Mimi niliyeupoteza nimeambiwa niushone upya kabla ya Ijumaa.

Ninajifunza mengi, Dada, na hakuna anayenifundisha. Vitabu vyao ni vya Kifaransa. Nasoma picha kwanza, maneno baadaye, na nisipoelewa namwuliza maman Antoinette, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi tunayekaa naye meza moja, ambaye naye haelewi lakini hujibu. Nimegundua kwamba mavazi ya wale watu yalikuwa na sheria. Sheria kabisa, ya kupitishwa bungeni. Hariri ya zambarau ni ya ukoo wa mfalme. Mahameli nyekundu, mpaka mume wako awe na cheo kikubwa. Manyoya mazuri meusi ni ya wakubwa. Wewe mke wa mkulima, kondoo yupo, sungura yupo. Baadaye ikaja sheria nyingine kwamba kila mtu wa hali ya chini avae kofia ya sufu siku ya Jumapili, ili mafundi kofia wasife njaa. Hiyo nimeipenda.

Halafu ujanja wao. Gauni la juu liliachwa wazi mbele, na kwenye huo uwazi kinaonekana kipande cha sketi ya ndani kilichonakshiwa kwa dhahabu. Basi dhahabu waliishona hapo tu, panapoonekana. Ukizunguka nyuma, palipofunikwa, ni kitani cha kawaida kama cha jikoni. Nilipoligeuza la kwanza nilicheka peke yangu. Nikazikumbuka barua ninazokuandikia.

Na kuna jambo la kamba. Mwanamke aliyefungwa mgongoni ana mtumishi, kwa sababu mkono wake mwenyewe haufiki huko. Anayefunga mbele anajivalisha. Akigeuka tu umeshamjua. Nilimwonyesha maman Antoinette picha mbili, akasema bila kuinua sindano: "Ule anafunga mbele, hana boyesse. Ni vile tu. Bon, ata hapa Porte de Namur: muntu iko na makaratasi anatembea polepole. Ule hana, anatembea mbio. Mi naangalia miguu tu, maman. Sura haina kazi."

Nikaitazama miguu yangu. Unajua mimi ni wa mwendo gani, tangu ile familia iliyonileta kulea watoto ilipohamishwa kazi na mimi nikabaki.

Kaka Adolf aliniambia kwamba Januari ulikaa Mwanza wiki tatu kununua vitambaa vya sare. Wiki tatu, Dada. Kitambaa hicho kina ndevu?

Mdogo wako,
Georgina


Bukoba, 3 Machi 2009

Marahaba, Georgina.

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kugandishwa tena kwa uji, kwa hiyo posta nzima sasa inajua habari za sungura. Hata hivyo endelea kuandika. Simu ni ya Adolf, na masikio yaliyomo ni ya Adolf.

Akina mama wa parokia wanajua kwamba unashona nguo za malkia. Nilisema malkia. Hawakuuliza amekufa lini. Mke wa katekista siku hizi ananiamkia kabla sijamwamkia.

Hizo sheria zenu sijaona jipya. Mimi nashona sare mwaka wa ishirini na mbili. Bluu ni shule ile, kijani ni shule hii, na zile za miraba ni za masista kule juu. Mtoto akipita kwenye kibaraza changu namjua baba yake, na najua kama ada imelipwa, kwa kuangalia pindo limeshushwa mara ngapi. Mfalme wenu angekuja kujifunza kwangu.

Kitambaa cha Mwanza hakina ndevu. Foleni zilikuwa ndefu, basi.

Nimepunguza kazi kidogo. Jirani yangu Hawa hukaa nami akinisaidia kusukuma kitambaa chini ya sindano, kwa sababu mkono wa kushoto umekaa vibaya tangu nirudi. Labda ni upepo wa melini.

Sasa sikiliza, nina ombi. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya parokia. Tangu mama alipofariki nimeshonea watu nguo za harusi, za ubatizo na za kuzikia, lakini hakuna mtu aliyewahi kunishonea mimi. Nishonee gauni. Rangi nakuachia. Nataka lifunguke mbele, kutoka shingoni mpaka kiunoni, na mikono iwe mipana. Kifua thelathini na nne, kiuno thelathini na moja, urefu unaujua. Nimejipima mwenyewe. Mteja haulizwi maswali, ndivyo nilivyokufundisha.

Na usije. Najua ukiandika vichekesho vingi unafikiria safari. Ukitoka huko bila kadi ya ukaazi hawatakuruhusu kuingia tena, na miaka yote sita utakuwa umeitupa ziwani. Tafuta makaratasi kwanza. Mimi nipo, sina pa kwenda.

Dada yako,
Euphrasie


Brussels, 24 Mei 2009

Dada Euphrasie, shikamoo.

Gauni limekwisha. Analileta Burhani, dereva wa Kitanzania anayekuja likizo. Nimemwapisha kwamba hatalikalia.

Ni mahameli nyekundu, mabaki ya mke wa pili wa mfalme, yule aliyekatwa kichwa, lakini kitambaa hakina lawama. Kwa sheria yao ungehitaji mume mkubwa ndipo ulivae. Nimekupa msamaha wa kifalme. Mbele nimeweka kile kipande cha dhahabu, nyuma kitani, maana hata mimi ni mjanja. Madame Inès aliliona likining'inia akauliza ni la nani. Nikasema ni la dada yangu. Akalizunguka polepole, akasema neno moja tu, nami kwa mara ya kwanza sikumwomba arudie.

Kuhusu kufungua mbele: hapana.

Nisamehe, ila hapana. Nilikuwa na miaka saba mama alipofariki. Kila asubuhi ulinifunga vifungo vya sare mgongoni, nikiwa nasinzia nimekuegemea tumboni, na wewe ulikuwa umekwisha kujivalisha peke yako. Sijawahi kumwona mtu akikufunga hata kifungo kimoja. Kwa hiyo lako linafungwa mgongoni. Matundu ishirini na manne, nimeyazungushia uzi kwa mkono, lile la kumi na saba nimelifumua mara tatu. Huwezi kulivaa peke yako, na ndiyo maana nimelishona hivyo. Mwite Hawa, mwite mke wa Adolf, wewe simama wima uangalie ukutani, wao wafunge. Ukubwa ni huo. Bibi mkubwa havai, huvalishwa.

Halafu kipimo chako nimekisahihisha. Kifua thelathini na nne? Dada, mimi nimelalia kifua hicho. Ni arobaini, na hiyo ni wakati wa kwaresima. Nadhani tepu yako imezeeka, au Hawa alikuwa anakuchekesha ukipima.

Niambie watu walisemaje.

Mdogo wako,
Georgina


Bukoba, 20 Agosti 2009

Marahaba, Georgina.

Gauni lilifika salama na sikukuu imepita salama.

Watu walisema mengi. Mke wa katekista alisahau kuimba. Padri alipopita na maji ya baraka alinimwagia mara mbili, sijui ni heshima au alitaka kuona kama rangi inatoka. Nilisimama wima kama ulivyosema. Limenikaa. Mishono yako imetulia kuliko yangu, na hilo silirudii kuliandika.

Adolf anasema huko serikali itapokea maombi ya makaratasi kuanzia Septemba, kwa wale waliokaa miaka mitano na kuendelea. Wewe una sita. Peleka yako siku ya kwanza, na uvae vizuri.

Krismasi usije.

Dada yako,
Euphrasie


Bukoba, 2 Septemba 2009

Georgina,

Mimi si mtu wa barua. Dada aliniapisha nisikwambie jambo hili kwenye simu, nami nikaapa kwamba kwenye simu sitasema. Hii ni barua.

Januari hakwenda kununua vitambaa. Alikwenda kulazwa. Walimtoa titi la kushoto lote na matezi ya kwapani. Tangu hapo mkono huo haupandi kufika begani.

Gauni lako alijaribu kulivaa mara mbili. Mke wangu na Hawa walimshikia, mkono ukakataa kuingia. Mara ya pili alitoa sauti, kisha akasema basi, likunjeni. Sikukuu hakwenda. Alikaa kitandani amelilaza mapajani, anapitisha kidole kwenye yale matundu. Alituambia yapo ishirini na manne na hakuna hata moja lililopinda. Yale ya padri na maji ya baraka ameyatunga. Nilimsikia akimsomea Hawa, wakacheka wote wawili.

Wiki iliyopita daktari amesema ugonjwa umeingia kwenye mifupa ya mgongo. Nilimwuliza kuhusu mwakani. Alisema atatupa dawa za maumivu.

Sikwambii uje, na sikwambii usije. Ukija hurudi tena huko, hilo najua. Nimekwambia tu.

Usimwonyeshe kwamba unajua.

Adolf


Brussels, 18 Oktoba 2009

Dada Euphrasie, shikamoo.

Nina jambo la aibu la kukiri, la kikazi. Nimesoma zaidi, na yale niliyokuandikia kuhusu kamba za mgongoni si kweli. Nilikuwa nimeangalia picha za watu wa hali ya kati. Kumbe mabibi wakubwa hasa, wale waliokaa karibu kabisa na mfalme, gauni zao zilifunguka mbele. Wa mgongoni walikuwa wanajitutumua. Nimekuaibisha mbele ya parokia nzima kwa ujinga wangu, na naomba radhi.

Kwa hiyo nimekushonea jingine, nimelituma kwa posta. Linafunguka kutoka shingoni mpaka kiunoni kama ulivyoagiza. Ni pamba laini, si mahameli, kwa sababu wakubwa hao nyumbani walivaa vitu laini. Bitana haina mshono kwapani. Kwapa la kushoto nimelipanua kuliko la kulia. Ndiyo iliyokuwa mitindo yao. Rafiki yangu Atieno, Mkenya anayekaa Jette, alinishauri kuhusu bitana. Kifua thelathini na nne. Nimeipima tepu yangu, nikakuta iliyozeeka ni hii ya kwangu.

Ombi la makaratasi nimepeleka. Foleni ilianza kabla mlango haujafunguliwa, na kila mtu alikuwa amevaa nguo zake za kanisani. Hapa hakuna sheria ya mahameli, Dada, kuna rangi za kadi. Tulikuwa pale watu mia wasio na rangi, tumependeza kama maharusi. Alinihudumia kijana mwenye tai. Alipoandika jina langu alinitazama blauzi, si uso.

Siku hizi nikitoka kazini nasimama kwenye dirisha la wauza tiketi za ndege pale Chaussée d'Ixelles. Nasoma tu. Siingii.

Nikikwambia nakuja, utasemaje?

Mdogo wako,
Georgina


Bukoba, 22 Novemba 2009

Marahaba, Georgina.

Kitabu chako kimegeuka ghafla. Miezi yote wakubwa walifungwa mgongoni. Adolf akanunua stempu moja, wakubwa wote wakageukia mbele.

Na huyo Atieno wa Jette anafanya kazi hospitali. Usinijibu. Hakuna fundi duniani anayejua kupanua kwapa la kushoto peke yake asipoambiwa na mtu aliyeona.

Adolf nimemsamehe. Nilimwita nikamwambia ameapa kama mwanasheria. Hakujua kama ni sifa au tusi, akaenda kukata kuni.

Basi tuzungumze kama watu wazima. Ni kweli, yote. Sikutaka ujue kwa sababu nakufahamu. Ungepanda ndege siku hiyo hiyo ukiwa na viatu vya ndani. Gauni la mbele nalivaa kila siku. Naingiza mkono mbaya kwanza, halafu mzuri, nafunga mwenyewe polepole, hakuna anayenisikia nikiguna. Umelipima vizuri mno, mpaka nilipolivaa nililia kidogo, kisha nikalikagua pindo kama lina kosa. Halina. Msimu wa senene umeanza, nakaa nalo kibarazani nawachambua mabawa, na wanaopita wanadhani nina kazi.

Umeuliza nitasemaje. Nasema usije.

Kufa sikuogopi sana kama nilivyodhani. Naogopa uje, ukae nami miezi mitatu au minne, unizike, kisha ubaki hapa kibarazani unashusha mapindo ya sare mpaka macho yaishe, na huko faili lako limefungwa. Nilikuvalisha kila asubuhi ili mmoja wetu atoke. Ukija utakuwa umenifanya niwe nimekuvalisha bure. Huo ni ukatili, Georgina, na hukulelewa hivyo. Ngoja kadi. Nami nitajitahidi kungoja.

Lile jekundu liko sandukuni na majani ya mkaratusi. Sijakasirika kwamba hukunisikiliza. Siku yake ipo, na siku hiyo sitahitaji kuinua mkono. Nimeshamwambia Hawa. Nitasimama au nitalala, wao wafunge matundu yote ishirini na manne. Nitavalishwa, kama ulivyotaka.

Sasa niandikie kichekesho.

Dada yako,
Euphrasie


Brussels, 9 Machi 2010

Dada Euphrasie, shikamoo.

Natangaza, mbele ya watu wote na posta ya Bukoba ikiwa shahidi, kwamba mkono wa kushoto wa Malkia wa Uingereza umepatikana. Ulikuwa ofisi ya vitu vilivyopotea, kwenye rafu, umewekewa kikaratasi: "soksi moja kubwa". Umekaa mwaka mzima na hakuna aliyeudai. Habari za vitunguu nilishauriwa nisiulize.

Na tangazo la pili. Barua imekuja kutoka manispaa. Nimekubaliwa.

Nimeisoma mara nne, kisha nikampa maman Antoinette aisome, naye akaisoma kwa sauti ya misa. Kadi yenyewe naichukua tarehe 22. Tarehe 24 napanda ndege mpaka Entebbe, halafu basi. Nimeingia kwenye lile duka la tiketi, Dada. Ndani kuna joto na kiti.

Leo asubuhi niliposhuka Porte de Namur nilisema nitembee polepole, nione inakuwaje. Miguu haikujua. Ilibidi niiambie kila hatua. Nilipofika karakana maman Antoinette alikuwa mlangoni, akaniangalia chini, akasema: "Weye. Umepata." Kisha akaketi kwenye ngazi akalia, yeye ambaye ana makaratasi tangu zamani.

Simu ya Adolf tangu jana haipatikani, ndiyo maana naandika, ingawa najua huenda mimi nikafika kabla ya barua. Zimebaki siku kumi na tano. Usifanye kitu chochote. Usishone, hata Hawa akikusukumia kitambaa. Kaa kibarazani na gauni lako la mbele. Nikifika, asubuhi ya kwanza, utanyoosha tu mkono mbaya, na mimi nitakuvalisha.

Mdogo wako,
Georgina


Bukoba, 28 Machi 2010

Georgina,

Barua yako ya tarehe 9 imefika juzi. Nimeifungua mimi. Nimemsomea Hawa ile ya soksi.

Juzi kwenye simu ulisema kadi umeipata na tiketi umeisogeza, utakuja kwenye misa ya arobaini. Ni vizuri. Chumba chake hatujakigusa. Cherehani tumeifunika.

Halafu uliuliza alivaa nini, na simu ikakatika, au mimi niliikata, sikumbuki. Nakujibu sasa.

Alifariki Ijumaa tarehe 12 saa tano asubuhi, amevaa lile la mbele. Ijumaa hiyo hiyo walimvua na kulifua. Lipo, utalikuta.

Tulimzika Jumapili akiwa na lile jekundu, kama alivyoagiza. Walimvalisha wanne: Hawa, mke wangu, mke wa katekista na mama mmoja wa kwaya. Upande wa kushoto palibaki nafasi, wakajaza pamba. Kwa mbele lilimkaa sawasawa. Watu waliopita kuaga walilisifu, na mke wa katekista aliwaambia wote kwamba ndivyo wanavyovaa kwa malkia. Hatukumbishia.

Umeuliza pia kama walifunga matundu yote ishirini na manne.

Hawakufunga hata moja. Nguo ya maiti hukatwa mgongoni kwa mkasi mpaka pindoni, ndipo inaingia.

Adolf